Vali za Usalama katika Breki za Upepo: Istilahi, Maana na Uwajibikaji katika Barabara za Nairobi

IKISIRI

Makala haya yanachunguza istilahi zinazohusu vali za usalama katika breki za upepo za malori na mabasi. Yanaanza kwa kueleza jinsi breki hizo zinavyofanya kazi, kisha yanajadili majina ya vali zinazozilinda, na hatimaye yanatathmini kauli "breki zilifeli" inayotawala taarifa za ajali. Hoja kuu ni kwamba breki za upepo zimeundwa kwa namna ambayo upepo ukikosekana, gari hujifunga lenyewe. Kwa hiyo, lugha inayozitaja breki kana kwamba hufeli zenyewe huficha kitendo cha binadamu. Istilahi bora za Kiswahili zinaweza kukifichua.

1.0 Utangulizi

Barabara ya Waiyaki Way huanzia Museum Hill jijini Nairobi, ikapita Westlands, Kangemi, Uthiru na Kinoo, kisha ikapanda kuelekea Kikuyu na Limuru. Limuru iko kiasi cha mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali Nairobi iko takribani mita 1,700. Anayesafiri kutoka Limuru hadi Westlands basi huteremka mita zipatazo 500. Kwa mwenye gari dogo, mteremko huo ni jambo la kupita tu. Kwa dereva wa lori lenye makumi ya tani, kila mita anayoteremka ni nguvu inayopaswa kumezwa na breki na kugeuzwa kuwa joto. Malori mengi ya safari za mbali siku hizi huiacha barabara hiyo Kikuyu na kufuata Southern Bypass, lakini mabasi na malori ya mchanga na kokoto yanayolisha ujenzi wa majumba marefu ya Westlands yangali yanateremka humo mchana na usiku.

Kenya imeonja uchungu wa lori lisiloweza kusimama. Tarehe 10 Desemba 2016, pale Karai karibu na Naivasha, lori lililobeba kemikali inayoshika moto liliyagonga magari mengine na kulipuka. Zaidi ya watu 30 walifariki. Tarehe 30 Juni 2023, katika njiapanda ya Londiani, lori lililobeba kontena liliacha njia likawaparamia wachuuzi na matatu. Zaidi ya watu 50 waliangamia. Kila ajali ina chanzo chake, na si kazi ya makala haya kukihukumu. Linalohusu isimu ni kwamba, kila lori linaposhindwa kusimama, aghalabu huja sentensi moja kabla ya uchunguzi wowote: "Breki zilifeli." Je, sentensi hiyo ina maana gani? Kuijibu kunahitaji kwanza kuingia chini ya lori.

2.0 Upepo, Hewa na Kanieneo

Mafundi wa Kenya hugawa breki katika makundi mawili: breki za mafuta, zinazotumika katika magari madogo, na breki za upepo, zinazotumika katika malori na mabasi makubwa. Kwa mtazamo wa Kiswahili sanifu, jina hili la pili lina walakini. Upepo ni hewa inayokwenda; hewa iliyotulia ndani ya tangi si upepo. Hata hivyo, msemaji wa Kiswahili "hutia upepo" katika gurudumu la baiskeli, katika mpira na katika lori bila kusitasita. Maana ya neno imekwisha kupanuka na kuhusisha hewa yoyote iliyoshindiliwa ili ifanye kazi. Mwanaistilahi hana sababu ya kupigana na matumizi yaliyoota mizizi kiasi hicho.

Tatizo kubwa zaidi liko katika dhana ya msukumo wa hewa hiyo. Hapa Kiswahili kina utajiri unaokaribia kuwa vurugu: presha, shinikizo, mgandamizo na kanieneo. "Presha" huelekea kumkumbusha msikilizaji ugonjwa au mapishi. "Shinikizo" nalo limetumika mno katika siasa na katika tiba. "Kanieneo" halijaenea mitaani, lakini ndilo linalofundisha. Neno hilo limeundwa kwa kuunganisha "kani" na "eneo", nayo fizikia hueleza kwamba kanieneo ni kani inayogawanywa kwa eneo. Atakaye kupata kani huzidisha kanieneo kwa eneo.

Hesabu hiyo ndiyo breki ya upepo yenyewe. Karibu na kila gurudumu mna chumba cha breki chenye kiwambo cha mpira. Chukua kiwambo chenye eneo la inchi mraba 30, kipimo cha kawaida katika malori. Dereva akikanyaga na kuruhusu hewa yenye kanieneo ya pauni 100 kwa kila inchi mraba, kiwambo hicho husukumwa kwa kani ya pauni 3,000, yaani zaidi ya uzito wa kilo 1,300. Kani hiyo husukuma ufito, ufito huzungusha wenzo, na wenzo huvitanua viatu vya breki mpaka visugue dramu ya gurudumu. Mguu wa dereva haukufanya kazi hiyo; mguu ulifungua njia tu. Kazi ilifanywa na hewa iliyohifadhiwa.

Hewa yenyewe hushindiliwa na kompresa inayoendeshwa na injini, kisha ikawekwa katika matangi. Hapo ndipo huzuka hatari mbili zinazopingana: hewa inaweza kuzidi, na hewa inaweza kupungua. Vali za usalama zipo kwa ajili ya zote mbili.

3.0 Vali Moja au Vali Nyingi?

Mfasiri asiyeijua mashine hujaribiwa kuiita kila moja ya vali hizi "vali ya usalama". Tafsiri hiyo si kosa la sarufi, lakini ni kosa la maarifa. Katika uhandisi, jina hilo lina historia mahususi. Katika miaka ya 1680, Mfaransa Denis Papin aliweka kifaa cha namna hiyo katika chungu chake cha kupikia kwa mvuke, ili mvuke ukizidi utoke kabla chungu hakijapasuka. Kwa maana hiyo finyu, vali ya usalama hulinda chombo dhidi ya kuzidiwa. Katika lori, huyo ni mlinzi mmoja tu kati ya kadhaa.

Kuhusu neno la msingi, yapo matatu yanayoshindana. "Valvu" ni la mafundi. "Vali" limezoeleka katika vitabu. "Kilango" ni la asili ya Kiswahili na linaeleza umbo na kazi kwa pamoja, kwani kilango hufunguliwa na kufungwa. Kilango kina uangavu zaidi, lakini mwanafunzi wa biolojia amekwisha kulizoea katika moyo, na fundi hatalitumia kwa chuma. Makala haya yanatumia "vali" kama neno la kati, na kuweka juhudi katika sifa inayolifuata, kwa kuwa hapo ndipo kazi ya vali hutajwa. Vipimo vinavyotolewa hapa chini ni vya kawaida katika magari yanayofuata viwango vya Marekani; watengenezaji wengine huwa na vyao, ila mpangilio wa ulinzi ni ule ule.

(i) Kidhibiti cha kompresa. Hiki huiambia kompresa iache kushindilia kanieneo ikifika kiasi cha pauni 125 kwa inchi mraba, na ianze tena ikishuka hadi karibu 100. Mafundi hukiita gavana. Nchini Kenya neno hilo lilizoeleka mwaka 2004, sheria za Waziri John Michuki zilipoyalazimisha magari ya abiria kufungwa spidi gavana, na tangu uchaguzi wa 2013 limebeba pia cheo cha mkuu wa kaunti. Vyombo vya habari vilikwisha kupata tafsiri nzuri ya kifaa kile cha matatu: "kidhibiti mwendo". Kwa mlinganisho huo, "kidhibiti cha kompresa" hueleweka bila maelezo marefu.

(ii) Vali ya kupunguza kanieneo. Hii ndiyo vali ya usalama kwa maana finyu. Huwekwa katika tangi la kwanza linalopokea hewa ya kompresa, na kwa kawaida hufunguka kanieneo ikifika pauni 150. Ndani yake mna springi inayokibana kizibo. Hewa ikiishinda springi, kizibo huinuka na hewa hutoka kwa mfoko. Ikifunguka mara kwa mara, si ishara kwamba vali ni mbovu, bali kwamba kidhibiti kilicho mbele yake hakifanyi kazi. Vali hii ni shahidi kama ilivyo mlinzi.

(iii) Vali ya njia moja. Huiruhusu hewa kuingia tangini na kuizuia kurudi. Kompresa ikipasuka au bomba lake likikatika, akiba iliyomo tangini haipotei.

(iv) Vali ya kutenga mikondo. Breki za lori la kisasa hugawanywa katika mikondo zaidi ya mmoja, ili bomba la mkondo mmoja likipasuka, mingine isifilisike pamoja nao. Vali hii huufunga mkondo uliotoboka na kuilinda mingine.

(v) Vali ya kulinda kichwa cha lori. Trela likichomoka, au mabomba yake yakikatika, vali hii hufunga hewa ya kichwa isikimbie nyuma. Kwa kawaida hujifunga yenyewe kanieneo ikishuka kati ya pauni 45 na 20.

Kabla ya kufika kiwango hicho, dereva hupewa onyo. Kanieneo ikikaribia kushuka chini ya pauni 60, taa huwaka na aghalabu king'ora hulia. Mwenye kuendelea na safari baada ya hapo hakukosa habari.

4.0 Sauti Zinazosemwa na Gari

Mwanafunzi anayesubiri basi Westlands huzisikia vali kila siku. Basi kubwa likisimama, hutoa sauti ya "fsss", na yamkini msikilizaji husema tu kwamba limepumua. Kwa hakika sauti hizo ni tofauti, na kila moja ina maana yake. Ipo "fsss" fupi inayotoka dereva anapoinua mguu katika breki, hewa iliyotumika ikitoka vyumbani. Upo mlipuko mmoja mfupi unaosikika matangi yakiwa yamejaa, kikaushia hewa kinapotapika maji na mafuta. Ipo sauti kubwa ya kufoka inayotokea vali ya kupunguza kanieneo inapofunguka. Tena ipo sauti ndogo isiyokoma, ya hewa inayovuja, ambayo husikika hata injini ikizimwa.

Wanafunzi wa fasihi hufundishwa kwamba tanakali za sauti huchangamsha masimulizi. Katika gereji tanakali ni utambuzi wa maradhi. Dereva au utingo anayeweza kumweleza fundi iwapo gari "linafoka" au "linavuja" amempunguzia nusu ya kazi. Hiki ni kisima cha msamiati ambacho wanaistilahi hawajakichota vya kutosha.

5.0 Kauli ya "Breki Zilifeli"

Yaliyotangulia yanatuwezesha kulirudia swali la awali. Wengi hudhani kwamba hewa ikiisha, lori hubaki bila breki. Katika lori la kisasa lililo zima, hali ni kinyume. Fikra hii ilitokana na treni. Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki yake ya hewa mwaka 1869, lakini mfumo huo wa kwanza ulikuwa na dosari: bomba likikatika, breki zilitoweka. Mwaka 1872 aliugeuza, hewa iliyomo bombani ikawa ndiyo inayozizuia breki zisifunge. Bomba likikatika, treni ikajifunga yenyewe.

Malori hutumia springi kufikia lengo hilo hilo. Nyuma ya baadhi ya vyumba vya breki mna springi nzito iliyobanwa na hewa. Maadamu hewa ipo, springi hukaa imejikunja na gurudumu huwa huru. Hewa ikipungua mno, springi hufunguka na kukaza breki. Ndiyo sababu lori lililokaa siku nyingi na kuvuja haliwezi kung'oka mpaka injini inguruме na matangi yajae tena.

Ikiwa mambo ni hivyo, kauli "breki zilifeli" inaweza kumaanisha angalau matukio matatu tofauti.

Kwanza, hewa iliisha na springi hazikufunga. Springi huweza kushindwa kwa kuwa zimechakaa, au kwa kuwa mtu alizibana kwa bolti ili lori bovu liweze kusogezwa, kisha hakuifungua. Huweza pia kufunga zikakuta dramu zimekwisha kuungua na mzigo umezidi kiasi.

Pili, hewa ilikuwapo tele, lakini joto lilizidi. Dereva akiteremka mteremko mrefu kwa gia kubwa, au gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, kazi yote huangukia breki. Zikipata moto mno, dramu hutanuka na kujitenga na viatu, nao usugu wa viatu hupungua. Kipimo cha hewa mbele ya dereva kitaonyesha kwamba mambo ni shwari ilhali lori linazidi kasi. Mteremko wa Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, ulipata sifa mbaya kwa sababu ya uteremkaji wa gia huru. Hapa hakuna vali yoyote inayoweza kuokoa, kwa maana vali hulinda hewa na hazilindi viatu.

Tatu, ufito ulikosa nafasi. Viatu vikichakaa bila kurekebishwa, ufito hulazimika kusafiri mbali zaidi kabla havijagusa dramu. Ukifika mwisho wa chumba, kanieneo yote ya tangi haiwezi kuongeza lolote.

Katika matukio yote matatu, nyuma ya chuma kuna mtu: aliyebana springi, aliyeweka gia huru, aliyeahirisha matengenezo, au aliyeamuru mzigo uzidishwe. Sarufi ya sentensi, hata hivyo, humwondoa. Kitenzi "feli" kilikopwa kutoka Kiingereza na hutumika bila yambwa. Breki zenyewe huwa kiima, na hakibaki kiti cha mtendaji. Vivyo hivyo kauli ya kutendeka: tukisema "breki ziliharibika" au "bomba lilikatika", tumetaja hali na kumwacha aliyeisababisha. Linganisha jozi hizi:

Vali iliziba. / Vali ilizibwa.
Springi zilibanika. / Springi zilibanwa.
Breki zilifeli. / Breki zilifelishwa.

Kauli ya kutendwa, hata isipomtaja mtendaji, huacha nafasi yake wazi na kumfanya msikilizaji aulize: na nani? Sentensi ya mwisho, "breki zilifelishwa", ni sahihi kisarufi, lakini ni nadra kusikika. Unadra huo si wa bahati nasibu. Jamii inayosema kwamba vyuma hufeli haina haja ya kumtafuta aliyefelisha.

Haimaanishi kwamba kauli ya kutendeka ni ya uongo daima. Mabomba huchakaa, na springi huvunjika bila mkono wa mtu. Hata dereva aliyeshindwa kuliongoza lori anaweza kuwa mhanga wa mwenye gari aliyekataa kununua vipuri. Kumtafuta mtendaji si sawa na kumlaumu dereva. Mara nyingi ni njia ya kumwondolea lawama zilizomwangukia kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

6.0 Mapendekezo

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha rasmi. Hadhi hiyo haina maana kubwa kwa dereva iwapo kitabu cha maelekezo kilichomo ndani ya lori lake hakimsemeshi kwa lugha hiyo. Mambo matatu yanapendekezwa.

Kwanza, istilahi za ufundi wa magari zikusanywe gerejini kabla ya kuundwa maktabani. Kutoka Chuo Kikuu cha Nairobi hadi Grogan, kwenye barabara ya Kirinyaga, ni mwendo mfupi wa miguu. Mwanafunzi atakayekwenda huko na daftari atapata majina ambayo kamusi hazina, na atajua ni yapi yanayofaa kusanifishwa na yapi yanayochanganya vifaa viwili.

Pili, vali zitajwe kwa kazi zake. "Vali ya usalama" libaki jina la jumla la kundi zima, na kila mwanakundi apewe jina linaloeleza anachokifanya: kupunguza, kuzuia, kutenga au kulinda. Dereva anayelijua jina la vali tayari anaijua nusu ya kazi yake.

Tatu, taarifa za ajali zifunzwe na kuandikwa kwa uangalifu wa kauli. Mwanahabari asiyejua kilichotokea na aandike kwamba lori "lilishindwa kusimama", maana hilo limeonekana kwa macho. Maneno "breki zilifeli" ni matokeo ya uchunguzi, na hayastahili kutangulia uchunguzi huo.

7.0 Hitimisho

Vali ya usalama ni kifaa kidogo ambacho thamani yake huonekana siku kinapohitajika. Istilahi nayo ni hivyo hivyo. Makala haya yameonyesha kwamba breki za upepo zimezungukwa na walinzi kadhaa, na kwamba fikra iliyomo ndani yake, tangu zama za Westinghouse, ni kwamba upungufu ulifunge gari badala ya kuliachilia. Lori linapopita walinzi wote hao na kuua, huwa kuna mlolongo wa matendo yaliyofanywa au yaliyoachwa. Kiswahili kina vitenzi, kauli na majina ya kuueleza mlolongo huo hatua kwa hatua. Ni wajibu wa wanaokisoma na kukifundisha kuhakikisha kwamba dereva, fundi, mwanahabari na mpelelezi wanayapata.